Taifa Lisilojiorodhesha Huorodheshwa na Wengine

Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, Watanzania tulitangaziwa matokeo ya sensa: tulikuwa watu 61,741,120. Namba hiyo ilipokewa kwa vifijo, ikanukuliwa magazetini, ikaingia katika hotuba za viongozi, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Waliobaki nayo mkononi ni watu wachache wanaojitolea kuhariri Wikipedia ya Kiswahili. Kwao tangazo lile lilikuwa mwanzo wa kazi ya punda.

Nitaeleza kwa nini. Tanzania ina kata karibu 4,000, na kwa maelfu kata hizo zina kurasa zao katika Wikipedia ya Kiswahili. Kurasa hizo zinafanana kama mapacha: jina la kata, wilaya, mkoa, msimbo wa posta, na sentensi moja inayosema kata hiyo ilikuwa na wakazi wangapi katika sensa fulani. Sensa mpya inapotangazwa, sentensi ile haibadiliki yenyewe. Lazima mtu afungue ukurasa, afute namba ya 2012, aandike ya 2022, aweke chanzo, ahifadhi, kisha afungue ukurasa unaofuata. Akimaliza Kiswahili, mwenzake wa Kiingereza anaanza upya, na wa Kijerumani naye, kila mmoja akichota maji yaleyale kwa kata yake mwenyewe. Baada ya miaka kumi watarudia tena.

Hoja yangu leo ni kwamba kazi hiyo ya kunakili si uzalendo wala si usomi. Ni upotevu wa nguvu kazi unaotokana na ukaidi wetu wa kuamini kwamba maarifa ni insha tu. Sisi wasomi wa Kiswahili tumekataa, au tumepuuza, kuyaandika maarifa yetu katika umbo ambalo mashine inaweza kulisoma, na gharama ya kosa hilo imeanza kuonekana.

Tuelewane kwanza juu ya jambo lenyewe. Tarehe 29 Oktoba 2012 ilizinduliwa hazina iitwayo Wikidata, iliyojengwa mjini Berlin na Wikimedia Deutschland, shirika linaloiunga mkono Wikipedia nchini Ujerumani. Wikidata haihifadhi makala. Inahifadhi kauli fupifupi. Kila kitu duniani kinachostahili kutajwa hupewa namba yake: Tanzania ni Q924, lugha ya Kiswahili ni Q7838. Kila uhusiano nao hupewa namba: “mji mkuu” ni P36, “idadi ya watu” ni P1082. Kwa hiyo sentensi “mji mkuu wa Tanzania ni Dodoma” hugeuka kuwa kauli yenye viungo vitatu, ambayo Mjapani, Mswahili na kompyuta huisoma kila mmoja kwa lugha yake bila kubishana. Mtu akiandika humo idadi ya watu wa kata, pamoja na mwaka wa sensa na chanzo, kurasa za lugha zote zilizoandaliwa kuchota humo hubadilika. Namba huandikwa mara moja.

Hilo la kuokoa jasho ni faida ndogo kuliko zote, na kama ingekuwa ndiyo pekee nisingeandika makala hii. Kubwa zaidi ni kwamba kauli zenye mpangilio huweza kuulizwa maswali. Chukua swali hili la darasa la fasihi: ni waandishi gani wa riwaya za Kiswahili waliozaliwa Zanzibar kabla ya 1950? Mwalimu atawakumbuka Mohamed Said Abdulla, Shafi Adam Shafi, Said Ahmed Mohamed, na pengine wengine wawili watatu. Kumbukumbu yake ikichoka, swali limekufa. Wikipedia yenye makala nzuri juu ya kila mmoja wao haimsaidii sana, kwa sababu mahali pa kuzaliwa pamefichwa katikati ya aya, mara “Unguja”, mara “Makunduchi”, mara “kisiwani”. Lakini kama kila mwandishi ana kauli tatu tu, yaani kazi yake, mahali alipozaliwa na mwaka aliozaliwa, huduma ya maulizo ya Wikidata iliyofunguliwa mwaka 2015 hutoa orodha nzima kwa sekunde chache, na huijumuisha Makunduchi ndani ya Zanzibar maadamu kuna mtu aliyeandika kwamba Makunduchi iko Unguja.

Niliwapa wanafunzi wangu zoezi la namna hiyo. Orodha waliyopata ilikuwa fupi kuliko orodha niliyokuwa nayo kichwani. Mmoja akahitimisha, kwa nia njema kabisa, kwamba kumbe waandishi wa Zanzibar wa kizazi kile walikuwa wachache. Nilikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu. Waandishi hawakuwa wachache. Walioorodhesha ndio walikuwa wachache, na mimi, mwenye shahada ya uzamivu na miaka mingi ya kufundisha, sikuwa mmoja wao. Niliwahi kuandika makala za Wikipedia na kujisifia. Sikuwahi kuongeza hata kauli moja katika hazina ambayo mwanafunzi wangu aliiona kuwa ndiyo ukweli wote.

Hapo ndipo penye hatari. Injini za utafutaji na visaidizi vya simu vinapotoa jibu fupi juu ya mtu au mahali, mara nyingi havisomi insha zetu kwa uvumilivu. Vinachota katika hazina za kauli kama hizi. Kauli isiyokuwepo huonekana kama jambo lisilokuwepo. Na kauli iliyoandikwa na mtu wa mbali, kwa lebo ya Kiingereza na chanzo cha Kiingereza, huturudia sisi ikiwa imevaa joho la jibu. Asiyejiorodhesha huorodheshwa, na mwenye kalamu huanza na anachokijua yeye.

Sasa nizijibu hoja za wapinzani, maana ninazisikia kila ninapolizungumzia jambo hili.

Hoja ya kwanza hutoka kwa wenzangu wa fasihi na falsafa: maarifa si visanduku. Shaaban Robert hawezi kupunguzwa kuwa “mshairi, alizaliwa 1909, alifariki 1962”. Nakubali kwa moyo wote, na ndiyo maana hakuna anayependekeza makala zifutwe. Lakini tazameni kwa makini kile mnachokitetea. Sentensi “Dodoma ni mji mkuu wa Tanzania” huteleza vizuri katika insha, na kwa sababu ya uteleziule haimlazimishi mwandishi kufikiri. Wikidata humuuliza: tangu lini? Je, tangu uamuzi wa 1973, au tangu sheria ya 2018? Kwa chanzo kipi? Humruhusu pia kusema kwamba mwaka unajulikana lakini siku haijulikani, au kwamba jambo lenyewe halijulikani. Nimesoma insha nyingi za kitaaluma ambazo hazina uaminifu wa kiasi hicho. Kisanduku kikitumiwa vyema humdai mwandishi ushahidi palepale ambapo nathari humruhusu kupita kwa mbwembwe.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa wetu wangefaa kulitafakari. Vyanzo viwili vikitofautiana, Wikidata haimlazimishi mtu achague kimoja na kukizika kingine. Kauli zote mbili hukaa bega kwa bega, kila moja na chanzo chake, na jamii ya wahariri inaweza kuipa mojawapo kipaumbele bila kuifuta nyenzake. Linganisha na sisi. Tulikuwa na Sheria ya Takwimu ya 2015, na mwaka 2018 ikafanyiwa marekebisho yaliyofanya kuwa kosa kusambaza takwimu zenye kukusudia kubatilisha au kudharau takwimu rasmi. Mwaka 2019 masharti hayo yalilegezwa, na ni vyema yalilegezwa. Lakini tabia ya akili iliyozaa masharti yale bado ipo: hofu kwamba namba mbili zikikaa meza moja dola itaanguka. Haianguki. Msomaji huona namba mbili, huona nani kasema nini na lini, akapima.

Hoja ya pili ni ya wazalendo wa uchumi: tukiyaweka maarifa yetu humo, kampuni kubwa za Marekani zitayachuma bure. Ni kweli. Data za Wikidata zimeachwa huru kabisa. Mtu yeyote anaweza kuzitumia kwa biashara bila hata kutaja alikozitoa. Sitaficha kwamba hili hunikera pia. Ila mzalendo huyu atueleze mbadala wake. Kama ni kutoziandika, basi kampuni zilezile zitaandika juu yetu kwa kubahatisha, na hasara itabaki kwetu. Kama ni kuziandika katika hazina ya kampuni, historia imekwisha kutufundisha. Palikuwa na hazina iitwayo Freebase, ambamo watu wa kawaida walichangia kauli zao. Google iliinunua kampuni iliyoimiliki mwaka 2010, na mwaka 2016 hazina hiyo ikafungwa. Sehemu ya data zake iliokolewa kwa kuhamishiwa, mtaifikiria wapi? Wikidata. Shamba la kijiji hata mgeni mwenye trekta akivuna humo, bado ni la kijiji, na kijana wa Mbeya mwenye kompyuta ya mkononi anayo haki ileile ya kuvuna. Shamba la mwekezaji hufungwa geti siku mwekezaji anapoamka na wazo jingine.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi, nayo ni hofu ya takataka. Wanaoijua historia hutaja Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino. Roboti iitwayo Lsjbot, iliyotengenezwa na Msweden Sverker Johansson, iliandika humo makala kwa mamilioni, nyingi zikiwa juu ya vilima, vijito na visiwa, kwa kunyonya hifadhidata za kijiografia. Leo Wikipedia hiyo inahesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani kwa idadi ya makala, zaidi ya milioni sita, huku jamii ya wahariri wake ikiwa ndogo mno. Makosa ya hifadhidata yale yakawa makosa ya makala, na kwa kuwa kila makala hupewa kipengee chake Wikidata, nakala rudufu na vilima visivyoeleweka vikamiminika huko pia.

Je, huo si ushahidi dhidi yangu? La. Ni ushahidi dhidi ya mashine kuandika mahali ambapo watu hawapo. Kuandika ili mashine isome ni jambo moja; kuiachia mashine iandike ni jambo lingine, na wanaoyachanganya mambo haya mawili ndio hutufikisha kubaya kutoka pande zote mbili. Kata ya mkoani Kigoma inahitaji mtu anayejua kwamba iligawanywa, kwamba jina lake lilibadilika, kwamba kijito kinachotajwa kwenye ramani kimekauka. Mtu huyo akiandika ajuavyo katika umbo lenye mpangilio, mashine itakuwa mtumishi wake. Asipokuwepo, mashine itakuwa bwana, na bwana mjinga.

Hoja ya nne ni nzito, nayo huja kwa sura ya ukombozi wa fikra: mpangilio wenyewe umebuniwa kwa akili ya Kimagharibi, kwa hiyo kuingia humo ni kujisalimisha. Nina mengi ya kukubaliana nayo. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba na kwa baba mdogo. Sisi tunajua kwamba hao ni watu wawili, wenye nafasi mbili tofauti katika harusi, katika mirathi na katika msiba. Wikidata ina sifa maalumu za baba, mama na ndugu. Jamaa wengine hubanwa chini ya sifa moja pana, kisha huongezwa kielezo cha aina ya undugu. Maana yake ni kwamba “mjomba” anaweza kuandikwa kwa usahihi, lakini mtu anayejua tofauti lazima awepo na adai aandikwe hivyo. Mpangilio huo haukushushwa kutoka mbinguni. Hujadiliwa hadharani, sifa mpya hupendekezwa na kupigiwa hoja, na wanaohudhuria ndio wanaoamua. Mkutano ambao hukuhudhuria usilalamikie maazimio yake kwa miaka kumi, hudhuria unaofuata.

Chukua mfano wa Ziwa Nyasa. Malawi huliita kwa jina la nchi yao, sisi tunaliita Nyasa, na nyuma ya majina hayo umelala mgogoro wa mpaka ambao mizizi yake imo katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Katika Wikidata ziwa hilo ni kipengee kimoja, lakini kila lugha huweka lebo yake, na majina mengine huandikwa pembeni. Lebo ya Kiswahili ni juu ya Waswahili. Hakuna ofisi ya London wala Berlin iliyotuzuia kuiandika. Ila kipengee kisicho na lebo ya Kiswahili humwonesha msomaji wetu jina la lugha nyingine, na hapo hatujaonewa na mtu. Tumejionea wenyewe kwa kutokuwepo.

Nimalizie na lugha, kwa sababu hapo ndipo tunapodaiwa zaidi. Tangu 2018 Wikidata hupokea pia maneno: neno lenyewe, maumbo yake, ngeli yake, maana zake. Mwaka 2020 Wakfu wa Wikimedia uliidhinisha mradi uliopendekezwa na Denny Vrandečić, mmoja wa waasisi wa Wikidata, ambao unakusudia kauli hizi zigeuzwe kuwa sentensi za lugha yoyote. Mwaka 2023 ukafunguliwa mradi ndugu wa kuhifadhi kanuni zitakazofanya kazi hiyo. Sasa fikirini kanuni inayotakiwa kusema kwamba kitu fulani ni kirefu. Kwa Kiingereza kivumishi hakibadiliki. Kwetu sisi Mto Rufiji ni mrefu, Ziwa Tanganyika ni refu, barabara ya Kigoma ni ndefu, na kisima cha kijijini ni kirefu. Mashine haiwezi kukisia hayo. Lazima iambiwe ngeli ya kila nomino na umbo la kila kivumishi, neno kwa neno, na mtu anayejua.

Nani anajua? Tunayo BAKITA tangu 1967. Tunayo taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kazi ya usanifishaji ilianza rasmi na kamati ya 1930. Hakuna lugha nyingi za Afrika zenye utajiri wa namna hii wa maneno yaliyokwisha kupangwa, kila moja na ngeli yake. Na bado kila 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngonjera, wakati mfanyakazi wa kujitolea, asiye na mshahara wala posho, anaingiza maumbo ya “kitabu, vitabu” kimoja baada ya kingine usiku kwa kifurushi chake cha intaneti. Kama kuna jambo la kuonea aibu siku hiyo, ni hilo.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na sidai kwa wageni. Kwanza, taasisi zetu za lugha ziachie huru angalau orodha ya msingi ya maneno na ngeli zake. Si lazima fasili zote, na hakuna mnunuzi wa kamusi atakayepotea kwa sababu mashine imejua kwamba “ziwa” wingi wake ni “maziwa”. Pili, ofisi za umma zikitoa takwimu, zitoe majedwali ambayo kompyuta inaweza kuyasoma pamoja na misimbo ya maeneo, wala zisitosheke na faili za PDF ambazo mtu hulazimika kunakili namba kwa jicho. Takwimu iliyolipiwa kwa kodi na kisha kufungiwa ndani ya picha ya karatasi haijatolewa, imeoneshwa tu.

Tatu, vyuo vikuu vikubali kwamba hii ni kazi ya kitaaluma. Mhadhiri anayesimamia wanafunzi hamsini wakaandika, kwa vyanzo, kauli elfu moja juu ya waandishi, mito, shule na lahaja za mkoa wao, ameujenga usomi wa taifa hili kuliko anayechapisha makala moja katika jarida ambalo hata mwandishi mwenyewe hana nakala yake. Kamati za kupandisha vyeo hazilijui hilo kwa sasa. Zitalijua tukiwa wengi wa kutosha kuziaibisha.

Kwa upande wangu, muhula huu zoezi la wanafunzi limebadilika. Kila mmoja amechagua mwandishi mmoja ambaye hakuonekana kwenye ile orodha fupi, na hatapata alama kwa insha pekee. Atapata alama kwa kauli zenye chanzo. Yule kijana aliyehitimisha kwamba waandishi wa Zanzibar walikuwa wachache ndiye aliyeanza, na juzi aliniletea swali gumu: vyanzo viwili vinatofautiana juu ya mwaka aliozaliwa mwandishi wake, achague upi? Nikamwambia aandike yote miwili, aoneshe kila mmoja umetoka wapi, kisha aende maktaba.